Mtoano uliowatenga wanangu

Kwa miezi mitatu mwaka jana, wanangu wawili hawakupeana mkono. Walikutana kwangu hapa Kisiba kila Ijumaa baada ya sala, wakala katika sinia moja kwa sababu niliwaandalia sinia moja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Usidhani, ndugu msomaji, kuwa waligombea shamba la chai au urithi wa marehemu baba yao. Waligombea mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuliwa.

Kifungua mimba wangu anaishi nami na huchezea timu ya vijana wa huku bondeni. Kitinda mimba alilelewa na dada yangu, yaani mama yake mkubwa, huko juu kwenye mashamba ya chai, na huchezea timu ya huko. Damu ni moja, jezi ni mbili. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu, mpaka yalipokuja mashindano ya kata ya Aprili mwaka jana.

Timu zilikuwa saba. Kamati ilichagua mtindo wa mtoano, kwamba anayefungwa anaaga mashindano. Kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, timu moja ilipita raundi ya kwanza bila kucheza. Kura iliiangukia timu ya kifungua mimba wangu. Wao wakaketi kando ya kiwanja wakila miwa, huku wenzao wakigaragara katika matope, kwani Aprili kwetu Rungwe si mwezi wa kucheza mpira. Nchi hii ya milima hupata mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hunyesha kabla Mei haijaisha.

Timu ya kitinda mimba ilishuka kutoka mlimani kwa miguu, ikacheza dakika 90 bila bao, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Aliyekosa mkwaju wa mwisho alikuwa mwanangu. Mashindano yao yakaisha siku ileile yalipoanza. Timu ya kaka yake ikashinda mechi mbili tu, ikatwaa mbuzi. Mdogo mtu akasema maneno ambayo hakupaswa kumwambia kaka yake mbele ya watu: "Mmepewa." Kaka mtu naye akajibu kwa maneno mazito zaidi. Ndiyo ikawa miezi mitatu ya kimya.

Kilichonitia hofu si kimya chenyewe, maana vijana hununa na kununua tena. Hofu yangu ilikuwa kwamba kitinda mimba aliacha mpira kabisa. Jioni ambazo zamani zilikuwa za mazoezi zikawa za kukaa kijiweni na watu ambao kazi yao siijui. Dada yangu alinipigia simu na kuniambia, "Mdogo wangu, mtoto anatuponyoka." Hapo nikaanza kujiuliza: Je, inawezekana kijana akapotea kwa sababu ya namna watu wazima walivyopanga mashindano?

Mwaka huu, kamati ilipoundwa upya, wazee waliniita niwe katibu. Nilidhani ni kwa sababu nilifundisha hisabati shule za msingi kwa miaka mingi. Mzee mmoja akanieleza wazi: "Mwalimu, wewe una mtoto juu na mtoto chini. Ukipendelea upande mmoja, utaumia upande wa pili." Nilicheka, lakini njiani nikielekea nyumbani niliona kuwa maneno yake yana uzito. Anayepanga mashindano anapaswa kuyapanga kana kwamba hajui mwanawe atavaa jezi gani.

Kikao cha kwanza kilikuwa na mawazo matatu. Kundi moja lilitaka mtoano uendelee. Hoja yao haikuwa dhaifu. Timu saba katika mtoano hucheza mechi sita tu, gharama ni ndogo, na kila mechi ina joto kwa sababu hakuna kesho. Kundi la pili lilitaka makundi mawili, moja la timu nne na moja la timu tatu, kisha nusu fainali na fainali. Hizo ni mechi kumi na mbili. Kundi la tatu lilitaka ligi kamili, kila timu ikutane na kila timu.

Niliomba siku tatu nipige hesabu. Usiku ule nilichukua vifuniko saba vya soda, nikaandika namba juu ya kila kimoja, nikavipanga duara juu ya meza. Katikati ya duara nikaweka kijiwe. Wajukuu wakasogea kutazama. Nikawaonyesha kuwa kifuniko kilicho juu kabisa kinakutana na kijiwe, maana yake timu hiyo inapumzika. Vilivyobaki sita vinakutana wa kulia na wa kushoto, mstari kwa mstari, zikawa mechi tatu. Kisha unasogeza vifuniko vyote hatua moja kuzunguka duara, kijiwe kikikaa palepale, na raundi ya pili imepatikana. Ukizunguka mara saba, kila timu imekutana na kila timu mara moja tu, na kila timu imepumzika mara moja tu. Hakuna aliyepita bila kucheza huku mwenzake akichoka. Mjukuu wangu wa darasa la nne aliirudia ratiba yote peke yake bila kosa, nami nikajua kwamba hata wachezaji wataielewa.

Jumla ni mechi 21. Kwa mechi tatu kila mwisho wa juma, mbili Jumamosi na moja Jumapili jioni, ligi inamalizika kwa wiki saba. Tukianza Julai, matope yamekwisha kukauka, na mvua za mwisho wa mwaka zitatukuta tumemaliza. Ijumaa tuliiacha, na mechi ya Jumapili tuliipanga baada ya wenzetu Wakristo kutoka ibadani, kwa kuwa timu zote ni za mchanganyiko. Kucheza mzunguko wa pili, kama Ligi Kuu inavyofanya kwa timu zake 16 kucheza mechi 30 kila moja, kungetupa mechi 42. Sisi wenye kiwanja kimoja na vijana wanaochuma chai alfajiri tusingeweza.

Kikao cha pili kilipoanza, mtetezi wa mtoano aliniuliza swali zuri: "Mwalimu, ligi si itamnufaisha mwenye nguvu? Katika mtoano, mnyonge anaweza kumwangusha mkubwa siku moja." Ni kweli. Nilimjibu kwa kisa ambacho kila mtu wa wilaya hii anakijua. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji wetu huu mdogo, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Laiti ingekuwa imemfunga mkubwa mmoja kwa mikwaju ya penalti siku moja ya mvua, watu wa Dar es Salaam wangesema hadi leo kuwa ilikuwa bahati. Lakini ulikuwa ubingwa wa ligi, uliokusanywa mechi baada ya mechi, na hakuna anayeweza kuunyang'anya. Mtoano humpa mnyonge nafasi ya kumshangaza mwenye nguvu. Ligi humpa nafasi ya kujijenga mpaka asiwe mnyonge tena. Kisha nikawakumbusha kuwa katika mtoano wa timu saba, timu tatu hurudi nyumbani zikiwa zimecheza mara moja tu. Sikumtaja mwanangu, ila kila mtu pale alijua ninamsema nani.

Kuhusu makundi, tatizo lilikuwa katika lile la timu tatu. Mechi ya mwisho ya kundi huchezwa na wawili huku wa tatu ametazama tu, na wawili hao wanajua matokeo gani yatawafaa wote. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka Algeria katika Kombe la Dunia la 1982 huko Hispania. Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi mabao 2 kwa 1, jambo lililoishangaza dunia, kisha ikamaliza mechi zake siku moja kabla ya wengine. Tarehe 25 Juni, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kuwa ushindi mdogo wa Wajerumani utazivusha zote mbili na kuitoa Algeria. Bao likapatikana dakika ya 10. Baada ya hapo, kadiri muda ulivyokwenda, zikapigiana pasi tu mpaka kipenga. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa hiyo hakuna aliyeadhibiwa. Kosa lilikuwa katika ratiba. Tangu Kombe la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Nasi tukachukua funzo hilo. Ligi ikapita kwa kura nyingi, tukaandika kuwa katika raundi ya mwisho, mechi zote zinazogusa ubingwa zitaanza saa moja na dakika moja, hata ikibidi kuazima kiwanja cha shule. Tukaandika pia mapema namna ya kuwatenganisha watakaolingana pointi: kwanza tofauti ya mabao, pili mabao ya kufunga, tatu matokeo yao wenyewe walipokutana, na mwisho idadi ya kadi. Senegal ilitolewa katika Kombe la Dunia la 2018 kwa kadi za njano, ikiwa na sita dhidi ya nne za Japani, baada ya kulingana kwa kila kitu kingine. Uchungu ulikuwa mkubwa, lakini kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya mpira kupigwa. Ikiandikwa baada, hata ikiwa ni kanuni njema, ataonekana aliyeandikiwa na aliyeandikiwa vibaya.

Likabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni tofauti ya nguvu. Timu ya wanafunzi ina vijana wa miaka 16 na 17. Timu ya kifungua mimba wangu ilikuwa na wanaume watano waliowahi kucheza ligi ya mkoa. Je, haki ni kuwatendea sawa wasio sawa?

Niliwaeleza wajumbe namna wanavyofanya Marekani katika ligi za bouling, mchezo wa kuvingirisha mpira mzito ili kuangusha pini kumi. Humo mchezaji dhaifu huongezewa pointi kwa hesabu. Huwekwa kiwango, tuseme 220, kisha kila mmoja hupewa, tuseme, asilimia 90 ya pengo kati ya wastani wake na kiwango hicho. Mwenye wastani wa 120 ana pengo la 100, anaongezewa 90, anafika 210. Mwenye wastani wa 200 ana pengo la 20, anaongezewa 18, anafika 218. Tazama uzuri wa hesabu hiyo. Aliye bora bado yuko mbele kwa 8, jasho lake halikupotea, lakini dhaifu sasa anaweza kumfikia akiwa na siku njema. Wote wawili wana sababu ya kuja wiki ijayo.

Nikapendekeza timu ya wanafunzi ianze kila mechi ikiwa na bao moja. Nahodha wao, kijana mwembamba aliyekuwa amekaa nyuma, akanyoosha mkono. "Shikamoo Mwalimu. Tunashukuru, lakini tukipewa bao, siku tukishinda watasema tumepewa." Lilikuwa neno lilelile lililowatenga wanangu. Nikafuta pendekezo langu papo hapo.

Ndipo ustadhi wetu wa madrasa alipotukumbusha habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliposhindanisha farasi, wale waliokuwa wametayarishwa kwa mbio walikimbia kutoka Al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wale ambao hawakutayarishwa walikimbia masafa mafupi, kutoka Thaniyya hiyo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Imetajwa kuwa masafa ya kwanza yalikuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Hakuna farasi aliyetangulizwa hatua wala aliyefungwa mguu, bali kila mmoja alishindana na anayelingana naye.

Sisi timu saba hatukuweza kugawana madaraja mawili, lakini tuliweza kuzisogeza timu zenyewe zikaribiane. Tukaamua kuwa kila timu isajili wachezaji wasiozidi 20 kabla ya mechi ya kwanza, wote wakazi wa kata, ili mamluki wasiletwe kutoka mjini siku ya fainali. Na tukaamua kuwa hakuna timu itakayoweka uwanjani kwa wakati mmoja zaidi ya wachezaji watatu waliowahi kucheza ngazi ya mkoa.

Ustadhi alikuwa na jambo jingine. Mbuzi wa mwaka jana alinunuliwa kwa ada za timu zote. Alieleza kuwa fedha ikitoka mifukoni mwa washindani wote kisha mmoja akaibeba, hapo mlango wa kamari umefunguliwa. Zawadi itoke kwa asiyeshindana. Mzee wa kanisa aliyeketi kando yake akamuunga mkono, akasema hata yeye jambo hilo lilimkera. Ada tukazibakiza kwa mipira, chokaa ya kuchora mistari na nauli ya waamuzi. Mbuzi akatolewa na mfugaji mmoja ambaye hana mtoto katika timu yoyote.

Jioni ile kifungua mimba alinisubiri mlangoni. Hakuketi. "Mama, umetunyonga. Wachezaji watano tunao, unatuambia watatu. Umemwandikia mdogo wangu kanuni." Nilimwambia akae. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbuzi wa mwaka jana ulimla kwa raha?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kila niliyekutana naye aliniambia tulipita bila kucheza." Nikamwambia, "Basi mwaka huu mkishinda, hakuna atakayekuwa na neno hilo." Aliondoka bila kuniaga, na sikulala vizuri. Mama anayeandika kanuni ya haki hulipa kwanza nyumbani kwake.

Kwa kitinda mimba sikwenda na maneno mengi. Nilimpelekea nakala ya ratiba, nikamwambia tu, "Hesabu mechi zenu." Akahesabu. Zilikuwa sita.

Timu yake ilifungwa mechi mbili za mwanzo. Mwaka jana angekwisha kurudi kijiweni. Safari hii nilimwona siku ya tatu akishuka mlima na viatu begani, kwa sababu zilibaki nne. Wakatoka sare, kisha wakaanza kushinda. Katika raundi ya tano walikutana na timu ya kaka yake, na wakawafunga bao 1 kwa bila. Nilikuwa mezani na daftari langu, nikaandika bao bila kuinua uso, maana sikutaka mtu yeyote aone ninamtazama nani.

Raundi ya mwisho, mechi mbili zilianza wakati mmoja katika viwanja viwili. Timu ya kaka mtu ilihitaji ushindi, na timu ya waendesha bodaboda ilikuwa ikiifukuza kwa karibu. Wote walishinda. Kaka mtu akamaliza na pointi 13, bodaboda 12, na timu ya mdogo mtu ikawa ya tatu kwa pointi 10. Kwa hiyo mbuzi alirudi kulekule alikokwenda mwaka jana.

Ijumaa iliyofuata walikuja wote wawili. Nilikuwa jikoni nikawasikia sebuleni wamefungua daftari langu, wakibishana juu ya bao la raundi ya tano. Mdogo mtu akasema, "Mlistahili, lakini sisi tuliwafunga." Kaka mtu akamjibu, "Mlitufunga kweli." Niliendelea kukoroga mchuzi, nikawaacha.

Timu ya wanafunzi ilikuwa ya mwisho, kwa pointi moja ya sare. Sikutaka jambo hilo lifichwe na furaha ya wengine, kwa hiyo siku ya mechi yao ya mwisho, ambayo haikuweza tena kubadilisha nafasi yao, nilikwenda kuhesabu waliofika. Kati ya wachezaji 20 waliosajiliwa, walikuja 19, na wa ishirini alikuwa na homa. Baada ya mechi nahodha wao alinifuata, akanisalimia, akaniuliza kura ya mwakani itapigwa lini, na kama timu zikifika nane kile kijiwe cha katikati kitakuwa timu ya nane. Nikamwambia naam, ndivyo hesabu inavyokwenda. Akasema kuna vijana wa kitongoji cha jirani wanataka kuingia.